Ngoma ya Kijapani na Fidla za Ulaya: Nani Amsikilize Nani?

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni. Pale palipochezwa muziki msomaji tunamwomba radhi. Itabidi atuamini kwa maneno.



Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Leo nataka tuwatazame mafahali wawili ambao kwa takriban nusu karne wamekuwa wakiingizwa zizi moja kwa makusudi, na watu wakalipa kiingilio ili kuwatazama. Wa kwanza ni taiko, ngoma ya Wajapani. Wa pili ni nyuzi za okestra ya Ulaya, yaani fidla, viola, selo na lile besi kubwa ambalo mpigaji wake husimama nalo kama mtu aliyekumbatia kabati.

Mara ya kwanza kuusikia mchanganyiko huu nilikuwa na redio ndogo ya betri, ya kuweka dirishani. Nilichosikia ni fidla zinalia kwa mbali, na mtu anagonga sanduku tupu. Nikasema moyoni, ama kweli watu wana pesa za kuchezea. Miaka mingi baadaye nilibahatika kukaa ukumbini, safu ya sita, na ngoma ileile ilipopigwa sikuisikia kwa masikio peke yake, bali ilinipita tumboni, na kiti nilichokalia kikatetemeka. Ndipo nilipoelewa kuwa redio yangu haikuwa na kosa. Spika ndogo kama kiganja cha mkono haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nene kama ile; hutoa ule mlio wa juu wa mkwiro kugusa ngozi, na uzito wote uliobaki huupoteza njiani. Basi nyinyi mnaonisikiliza kwa redio za namna hiyo msihukumu haraka.

Lakini ukumbini nako niligundua jambo la pili, lililonisikitisha. Ngoma zilipoanza kupigwa kwa nguvu, niliona mikono ya wapiga fidla ikienda na kurudi kwa bidii, nyuta zote zikipanda na kushuka kwa pamoja, na sikusikia hata uzi mmoja. Walikuwa kama watu wanaozungumza nyuma ya kioo. Tangu siku hiyo swali langu limekuwa hili: watunzi wanaofanya kazi hii kwa dhati hufanyaje ili yule mwenye sauti kubwa asimmeze mwenye sauti ndogo?

Tuanze na ngoma zenyewe. Neno taiko kwa Kijapani maana yake ni ngoma, basi. Nje ya Japani ndipo lilipogeuka kuwa jina la ngoma hizi maalumu na uchezaji wake. Ile inayoonekana zaidi ina mzinga uliochongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mti mgumu uitwao keyaki, umbo lake kama pipa, na pande zote mbili umewambwa ngozi ya ng'ombe iliyopigiliwa kwa misumari yenye vichwa vinene. Ndogo yake huitwa shime-daiko. Hii hukazwa kwa kamba mpaka sauti yake inakuwa kavu na kali kama kuni inayokatika. Kubwa kuliko zote ni odaiko, ambayo huwekwa juu ya kichanja, na mpigaji husimama mbele yake akiwapa watazamaji mgongo, miguu ameitanua, mikwiro yake minene kama mipini ya majembe. Mtu akipiga odaiko hapigi kwa kiwiko. Hupiga kwa bega, kwa kiuno na kwa nyayo.

Sasa mweke mtu huyo karibu na mpiga fidla, ambaye chombo chake ni kisanduku cha mbao nyembamba kinachowekwa chini ya kidevu, na sauti yake hutokana na singa za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu, zikishika uzi na kuuachia, zikiushika na kuuachia, mamia ya mara kwa kila sekunde. Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli, na kipimo hiki kina ujanja wake. Kila zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara 10, ingawa sikio la binadamu huhisi kana kwamba imeongezeka maradufu tu. Fanya hesabu basi. Fidla 10 zikipigwa pamoja huizidi fidla moja kwa desibeli 10. Fidla 100 huizidi kwa 20. Okestra kubwa ya Ulaya huwa na fidla kama 30 hivi. Kwa hiyo ngoma moja ikimzidi mpiga fidla mmoja kwa desibeli 20, na odaiko haioni taabu kufanya hivyo, watahitajika wapiga fidla 100 ili wawe sawa naye. Akitokea mpiga ngoma wa pili mwenye nguvu kama wa kwanza, watahitajika 200. Hakuna jukwaa la kuwaketisha, wala serikali ya kuwalipa mishahara.

Ndiyo kusema kuongeza fidla si dawa. Na shida haiishii kwenye ukubwa wa sauti. Sauti nene hufunika sauti nyembamba kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba kufunika nene. Aidha, sikio likishapigwa na kishindo huchukua muda, sehemu ndogo ya sekunde, kabla ya kurudi kusikia vitu vidogo, kama jicho lililotoka juani na kuingia chumbani. Hivyo hata katikati ya pigo na pigo, pale ambapo ngoma imenyamaza, fidla bado haijafunguliwa mlango.

Msikilizaji wa Unguja hapa atanikatiza. Atasema, mbona sisi fidla na ngoma tumeziweka pamoja tangu enzi za babu zetu? Kweli kabisa. Ikhwani Safaa iliundwa Zanzibar mwaka 1905, na katika kidumbak fidla moja hushindana na ngoma ndogo mbili usiku kucha bila mtu kulalamika. Lakini dumbak hupigwa kwa vidole na viganja. Ngozi yake ni nyembamba na mzinga wake ni mdogo. Ni jirani wa rika moja na fidla, wanaweza kubishana bila mmoja kuumia. Taiko haikuzaliwa kwa ajili ya chumba. Ilizaliwa kwa ajili ya uwanja wa hekalu, mavuno, maandamano na vita, mahali ambapo sauti lazima ivuke mashamba.

Kuna jambo moja ambalo limewapotosha wengi. Watu wakiwaona wapiga taiko 10 au 15 jukwaani, wamefunga vilemba vya kitambaa vichwani, wakipiga kama mtu mmoja, hudhani wanatazama mila ya miaka elfu mbili iliyokutana na fidla jana. Ngoma yenyewe ni ya kale, hilo halina ubishi. Lakini kundi la ngoma za ukubwa mbalimbali zinazopigwa pamoja jukwaani kama okestra lilianza mwaka 1951. Aliyelianzisha, Daihachi Oguchi, alikuwa mpiga dramu wa jazi kutoka Okaya, mji ulio kando ya ziwa Suwa katika mkoa wa Nagano. Aliletewa karatasi ya zamani yenye alama za mapigo ya ngoma ya hekalu la Suwa. Akayasoma, akayapiga, na kwa sikio lake lililozoea jazi akayaona mapigo hayo ni mepesi mno. Basi akapanga ngoma kubwa, za kati na ndogo, akazigawia kazi kama vile mpiga dramu anavyogawa kazi kati ya miguu na mikono yake: ndogo yenye mlio mkali ishike mwendo, ya kati iseme maneno, kubwa itie uzito. Kwa maneno mengine, hiyo inayoitwa ngoma safi ya Kijapani ilikuwa na jazi ya Wamarekani tumboni mwake tangu siku ya kwanza.

Na tukiwa hapohapo Nagano, tuangalie upande wa pili. Katika mji wa Matsumoto, si mbali na Okaya, mara tu baada ya vita ya pili ya dunia mwalimu mmoja aliyeitwa Shinichi Suzuki alianza kufundisha watoto wadogo fidla. Baba yake, Masakichi, alitoka katika ukoo wa watengenezaji wa shamisen, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu, akahamia kwenye fidla na kufungua kiwanda Nagoya mwaka 1887. Mwana aliamini kwamba mtoto anaweza kujifunza fidla kama anavyojifunza lugha ya mama yake, kwa kusikia na kurudia, kabla ya kusoma nota. Mwaka 1955 walikusanyika Tokyo watoto zaidi ya elfu moja wakapiga fidla kwa pamoja, na njia yake ikaenea duniani. Hivyo katika mkoa mmoja wa milimani, kwa muda wa miaka michache, Wajapani walikuwa wakiijenga upya ngoma yao kwa akili ya jazi, na wakiifanya fidla ya Mzungu kuwa lugha ya watoto wao. Sijui mahali pengine palipotokea jambo kama hili kwa karibu hivyo.

Hata hivyo mafahali hawa hawakuwa na hadhi moja. Mwaka 1880 serikali ya Japani ilimwita mwalimu wa muziki kutoka Boston, Marekani, jina lake Luther Whiting Mason, aje kusaidia kuweka muziki wa Kizungu katika shule. Nia ilikuwa kulijenga taifa jipya, na taifa jipya, kwa fikra za wakati ule, lilihitaji piano na nyimbo za shule. Ala za nyumbani zikaachwa nje ya uzio, zibaki kwenye hekalu, kwenye sherehe, na kwa walimu wa faragha. Mtoto wa Kijapani aliweza kumaliza masomo yake yote akijua Beethoven ni nani na asishike mkwiro hata siku moja. Ilikuwa mwaka 2002 ndipo mtaala mpya ulipoagiza kila mwanafunzi wa sekondari ya chini apige angalau ala moja ya Kijapani. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Sisi ambao shuleni tulifundishwa do re mi na mtu aliyetuambia ngoma ni ya nje, tunaelewa bila kuelezwa.

Kwa sababu hiyo, ngoma inapoingia ukumbini ambamo okestra imekaa, swali si la sauti peke yake. Ni nani mwenyeji na ni nani mgeni? Ngoma itakaa kwa kanuni za nani? Itasoma nota? Itamfuata yule anayepunga kijiti mbele? Au okestra nayo itatakiwa kujifunza kitu?

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na kundi lililoitwa Ondekoza, vijana waliokusanywa na bwana mmoja, Den Tagayasu, katika kisiwa cha Sado. Hawakuwa wahitimu wa vyuo vya muziki. Walikaa pamoja, wakala pamoja, na kila siku walikimbia umbali mrefu, maana mwalimu wao aliona kukimbia na kupiga ngoma ni jambo moja. Mwaka 1975 walikwenda Marekani wakakimbia mbio ndefu za Boston mpaka mwisho, na walipofika wakashika mikwiro, wakapiga. Mji uleule uliomtoa Mason, miaka 95 baadaye, ukaletewa jibu na watu wenye jasho.

Kiongozi wa okestra ya Boston wakati huo alikuwa Mjapani, Seiji Ozawa, aliyeiongoza tangu 1973 hadi 2002, na aliyefariki mwaka 2024. Yeye si mgeni katika habari hizi: mwaka 1967 huko New York ndiye aliyeongoza kwa mara ya kwanza kazi ya mtunzi Toru Takemitsu iliyoweka okestra pamoja na biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, na filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi. Takemitsu hakujaribu kuwaoanisha kwa nguvu. Aliwaacha kila mmoja azungumze kwa zamu yake, na tofauti yao ionekane waziwazi.

Mtunzi aliyewaandikia Ondekoza aliitwa Maki Ishii, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1936, akasomea Berlin, akafariki mwaka 2003. Mwaka 1976 aliwatungia kwanza kazi ya ngoma peke yake, Monochrome. Mwaka huohuo akatunga nyingine, Mono-Prism, ya ngoma na okestra nzima, na Ozawa akaiongoza huko Tanglewood, mahali ambapo okestra ya Boston huhamia kila majira ya joto. Na hapa pana jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa, nami naliona ni kubwa. Banda kuu la Tanglewood, lililojengwa mwaka 1938, halina kuta za pembeni. Liko wazi kuelekea kwenye majani. Kumbi za kawaida za okestra hujengwa ili sauti ibaki ikielea karibu sekunde mbili baada ya kupigwa, kwa sababu fidla hupendeza zikibebwa na mwangwi wake. Ukipiga ngoma kwa kasi humo, kila pigo linamkuta mwenzake bado yuko hewani, na baada ya muda hakuna pigo tena, kuna ngurumo moja tu. Chini ya banda lililo wazi, kishindo hupata njia ya kutokea. Mchanganyiko huu ulihitaji kwanza nyumba yenye milango mingi.

Tazama sasa Ishii alivyoanza kazi yake ya Monochrome, maana ndipo palipo na ufunguo. Mtunzi mwingine angefungua na odaiko, watu waruke vitini. Yeye alianza na shime-daiko ndogo, zikiguswa kwa wepesi mno, kama manyunyu ya mvua juu ya majani ya mgomba, na msikilizaji akajikuta ameinama mbele ili asikie. Mpiga ngoma aliyekimbia maili nyingi ili apate nguvu ya kupiga, nguvu ile yote anaitumia kuuzuia mkono wake. Jaribu mwenyewe kugonga meza kwa kidole kwa usawa, haraka, na kwa sauti ndogo kuliko unavyoweza, kwa dakika tatu mfululizo, kisha uniambie kama ni kazi rahisi.

Ngoma ikikubali kushuka hivyo, fidla inapata pa kusimama. Na fidla nayo ina yake ya kufanya. Inaweza kuacha kuimba kwa muda na kujifunza ngoma. Mpigaji anaweza kudonoa uzi kwa kidole, ukatoa mlio mfupi usioendelea. Anaweza kuutetemesha uta mahali pamoja, haraka sana, sauti ikawa kama kundi la nyuki. Anaweza hata kuugeuza uta na kugonga nyuzi kwa mbao yake. Mwingereza Gustav Holst aliutumia ugongaji huo kuanzisha kazi yake kuhusu sayari ya Mirihi, na watu wakasikia jeshi linatembea. Fidla 30 zikigonga namna hiyo ni ngoma 30 ndogo, zenye mlio mkavu wa juu, na wala hazigombei nafasi na ngoma nene iliyo chini.

Kuna msaada mwingine unaotoka katika maumbile ya sauti. Uzi wa fidla ukitikisika mara 440 kwa sekunde, ndani yake mna mitikisiko mingine ya 880, ya 1,320 na kuendelea, yote ikiwa ni ile ya kwanza ikizidishwa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne. Kwa utaratibu huo sikio hutambua kuwa hii ni noti fulani, ikaweza kuimbwa. Ngozi ya duara haifuati utaratibu huo. Mtikisiko wake wa pili ni kama mara 1.59 ya ule wa kwanza, wa tatu ni kama mara 2.14, namba zisizokaa sawa, na sikio likashindwa kuipa sauti hiyo jina. Ndiyo sababu ngoma haigombani na wimbo wowote. Fidla zinaweza kubadili ufunguo mara 20 na ngoma isikosee hata mara moja, kwani haikuwa upande wa yeyote tangu mwanzo.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye wakati. Okestra huhesabu. Kila mpigaji ana karatasi mbele yake, na kimya huandikwa kwa alama na kuhesabiwa kama noti. Wapiga taiko wengi hufundishwa kwa mdomo: don ni pigo kubwa katikati ya ngozi, ka ni pigo la ukingoni kwenye mbao, doko ni mapigo mawili ya haraka, ten ni mlio wa ile ndogo. Mwanafunzi huimba kwanza, hupiga baadaye. Suzuki na watoto wake wa fidla wangeelewana naye vizuri sana. Na kati ya pigo na pigo kuna kitu Wajapani wanachokiita ma. Ni nafasi, lakini si nafasi tupu. Ni ule muda mkono ukiwa umeinuliwa hewani na ukumbi mzima umeshikilia pumzi. Kimya hicho hakihesabiwi kwa namba. Hukatika pale mpigaji na wenzake wanapohisi kimejaa, na mara nyingi hukatwa kwa sauti ya mtu kupiga ukelele. Mwenye kijiti mbele ya okestra afanye nini? Akihesabu, ameiua. Asipohesabu, wapiga fidla hawajui waingie lini. Waliofaulu ni wale waliofanya mazoezi ya kutosha hata wapiga fidla wakajifunza kutazama bega la mpiga ngoma badala ya kijiti. Hapo kwa mara ya kwanza mgeni anakuwa mwenyeji.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo. Vyombo vyote hivi viwili vinatoka machinjioni. Ngoma ni ngozi ya ng'ombe. Nyuzi za fidla kwa karne nyingi zilisokotwa kutoka matumbo ya kondoo, uta una singa za farasi, na mbao zake zimegandishwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi. Ulaya mtengenezaji wa fidla alipewa jina na heshima, na jina lake likabandikwa ndani ya chombo. Japani waliofanya kazi ya ngozi walihesabiwa kuwa watu wa tabaka najisi, wakatengwa katika vijiji vyao. Sheria ya kuwabagua ilifutwa mwaka 1871, lakini ubaguzi wa ndoa na wa kazi haukufutika pamoja na karatasi. Ngoma ikapigwa hekaluni kwa heshima, na aliyeiwamba hakualikwa. Mwaka 1987 huko Osaka, katika mtaa wa watengeneza ngoma, watu wa jamii hiyo waliunda kundi lao la taiko wakaliita Ikari, neno lenye maana ya hasira. Kila nikisikia watu wakiisifu ngoma hii jukwaani kando ya fidla za mamilioni ya shilingi, nawakumbuka hao.

Nje ya Japani hali kadhalika ngoma ilibeba zaidi ya muziki. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakamata watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wake, ikawaweka kambini. Wazee walitoka humo wamenyamaza. Wajukuu ndio walioichukua taiko: Seiichi Tanaka, aliyetoka Japani, alifungua shule yake San Francisco mwaka 1968, na mwaka uliofuata Los Angeles likaundwa kundi la Kinnara, ambalo kwa kukosa pesa za kuagiza ngoma lilitengeneza za mapipa ya mvinyo. Kwa watu hao kupiga kwa sauti kubwa hadharani lilikuwa jambo lenyewe, na ukiwaambia wapunguze ili fidla isikike, uwe tayari kueleza kwa nini.

Kati ya vijana wa Sado alikuwamo Eitetsu Hayashi. Ondekoza ilipogawanyika, waliobaki kisiwani waliunda kundi la Kodo mwaka 1981, jina lenye maana mbili, mapigo ya moyo na watoto wa ngoma. Hayashi yeye akashika njia ya peke yake, jambo ambalo wapiga taiko hawakulizoea. Mwaka 2000 alisimama Berlin mbele ya okestra mashuhuri ya mji huo, iliyoongozwa siku hiyo na Kent Nagano, akapiga Hi-Ten-Yu, kazi ya mtunzi Isao Matsushita ya ngoma na okestra. Mahali palikuwa Waldbühne, uwanja wa wazi katikati ya miti. Tanglewood banda lisilo na kuta, Berlin uwanja usio na paa. Mniwie radhi, lakini sidhani ni sadfa tupu.

Yapo pia mengi mabaya, nami sitayaficha. Kuna okestra zinazokodi wapiga taiko watatu ili wapige mwishoni mwa usiku, watu wasimame na kupiga makofi. Hapo ngoma ni fataki tu. Kuna makundi ya ngoma ambayo nayo hutandika fidla chini kama zulia, sauti tamu isiyosema kitu, iliyoongezwa nguvu kwa vipaza sauti mpaka fidla inanguruma kama pikipiki. Fidla ikishapaaziwa sauti hivyo, umeshinda hesabu ya desibeli na umepoteza fidla. Mimi ningependa nisiisikie kabisa kuliko kuisikia hivyo.

Muda wangu umebaki mchache, na fundi mitambo ananitazama. Nitawachezea kwanza Monochrome, ile ya ngoma peke yake, ili masikio yazoee, na wiki ijayo tutaweka ile yenye okestra. Mwanzo wake ni mdogo sana hata mtadhani kituo kimepotea. Tafadhali msiipandishe sauti redio. Baada ya dakika kumi mtajuta, na jirani atagonga ukuta.